Ngozi ya Fedha na Uso wa Kaisari: Jinsi ya Kuisoma Sarafu ya Kirumi

Anayeanza kukusanya sarafu za Kirumi huuliza kwanza kama sarafu aliyoishika ni ya fedha. Kwa dinari, sarafu ya fedha ya Kirumi, ya mfalme Augustus, jibu ni fupi. Kwa sarafu zilizopigwa kati ya mwaka 260 na 340 hivi baada ya Kristo, ambazo ndizo zinazouzwa kwa wingi na kwa bei anayoimudu mtu wa kipato cha kawaida, jibu ni refu zaidi: ndani ni shaba, juu palikuwa na fedha, na kilichosalia leo ni utando mwembamba kuliko karatasi. Wauzaji wameufanya utando huo kuwa kipimo cha ubora. Wanaandika kwamba fedha imebaki kwa asilimia 90, na bei inapanda. Kipimo hicho kinawapotosha wengi. Utando unaeleza zaidi jinsi sarafu ilivyoishi baada ya kutoka karakana ya kupigia sarafu. Ukitaka kujua ilitoka karakana gani, wakati gani na kwa mkono wa mchongaji wa namna gani, utazame uso wa mfalme.

Ili kuelewa kwa nini shaba ilivikwa fedha, ni lazima kurudi nyuma kidogo.

Dinari ya Augustus ilikuwa na uzito wa takriban gramu 3.9, na ilikaribia kuwa fedha tupu. Mwaka 64 Nero aliipunguza uzito na pia akapunguza fedha ndani yake. Septimius Severus, aliyekuwa na majeshi ya kulipa na mahasimu wa kupambana nao, aliishusha hadi karibu nusu. Mwaka 215 mwanawe Caracalla akatoa sarafu mpya iliyo kubwa zaidi, ambayo wakusanyaji huiita antoniniani. Unaitambua papo hapo: mfalme amevaa taji la miale, kama jua, badala ya shada la majani ya laureli. Inaaminika ilihesabiwa kuwa dinari mbili, lakini fedha yake ilikuwa ya dinari moja na nusu tu. Serikali ilikuwa inakopa kutoka mifukoni mwa watu bila kuwaambia.

Kisha ukaja mwaka 260. Mfalme Valerianus alitekwa na Shapur wa Kwanza wa Uajemi, jambo ambalo halikuwahi kumpata mfalme wa Roma. Mwanawe Gallienus aliachwa na dola iliyopasuka: Postumus akajitangazia ufalme Gallia, yaani eneo la Ufaransa ya leo, na upande wa mashariki ukawa mikononi mwa Palmyra, mji wa Syria. Vita vilihitaji sarafu, na fedha ilikuwa haba. Karakana ziliongeza shaba mwaka hadi mwaka, hata kufikia enzi ya Claudius wa Pili, kati ya 268 na 270, fedha ilikuwa asilimia mbili au tatu tu ya uzito. Sarafu za miaka hiyo nyingi ni ndogo, kingo zake zimechanika, na maandishi yamekatika kwa sababu kipande cha madini kilikuwa kidogo kuliko muhuri uliokipiga.

Aurelianus alirithi fujo hiyo. Mwaka 271 wafanyakazi wa karakana ya Roma waliasi, wakihusishwa na msimamizi wa hazina aitwaye Felicissimus, na waandishi wa kale wanasema wanajeshi 7,000 walikufa katika kuuzima uasi huo. Hata kama idadi hiyo ilitiwa chumvi, inaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Mwaka 274 Aurelianus akatoa antoniniani mpya yenye uzito wa karibu gramu 4, ikiwa ya duara safi na imevikwa fedha vizuri, na chini ya mchoro wa upande wa nyuma ikawekwa alama: XXI kwa Kilatini, au KA kwa Kigiriki, ambayo pia ni ishirini na moja. Wataalamu wengi huisoma kuwa sehemu ishirini za shaba kwa sehemu moja ya fedha, na vipimo vya maabara vinakubali, kwani hukuta fedha ya takriban asilimia 5. Ushahidi ulionishawishi mimi uko kwenye sarafu chache za Tacitus, aliyemfuata Aurelianus, kutoka Antiokia na Tripolis ya Foinike. Hizo zina alama XI au IA, yaani kumi na moja, na fedha yake ni kama mara mbili. Hesabu inaingia sawasawa.

Mwaka 294 hivi Diocletianus akaja na sarafu kubwa zaidi ya shaba iliyovikwa fedha, yenye uzito wa karibu gramu 10, ambayo wakusanyaji huiita folisi au numi. Nayo baada ya miaka michache ilianza kupungua. Kufikia miaka ya 330, chini ya Constantinus, yule anayejulikana kwetu kama Konstantino Mkuu, sarafu zilikuwa ndogo na fedha yake ilikuwa ya kutafuta kwa tochi.

Utando ulipatikanaje

Hapa ndipo mambo yanapochanganywa sana, kwa sababu mambo manne tofauti yanaitwa kwa jina moja.

La kwanza ni fedha iliyotoka ndani ya sarafu yenyewe. Chukua kipande cha mchanganyiko wa shaba na fedha, ukipashe moto penye hewa. Shaba iliyo juu inageuka nyeusi. Ukikichovya kwenye kitu kikali kama siki, ule weusi unalika na kutoka, fedha inabaki. Uso sasa una fedha nyingi kuliko tumbo. Nyundo ya kupigia sarafu inaubana uso huo na kuufanya ung'ae. Ni ufundi mzuri ikiwa kuna fedha ya kutosha ndani, kama katika antoniniani za katikati ya karne ya tatu. Ndiyo maana sarafu ya aina hiyo ikichakaa hubadilika rangi polepole, kutoka nyeupe hadi kijivu, kisha hudhurungi, bila mpaka mkali.

La pili ni fedha iliyoletwa kutoka nje na kupakwa. Kwa sarafu yenye asilimia 4 au 5 tu, njia ya kwanza ni ngumu kutoa uso mweupe wa kuridhisha. Watafiti waliochunguza utando wa sarafu za karne ya nne wamekuta zebaki ndani yake. Hiyo inaelekeza kwenye ufundi wa kuchanganya fedha na zebaki, kupaka mchanganyiko huo, kisha kuupasha moto ili zebaki iruke na fedha ishike. Zipo njia nyingine zinazopendekezwa, kama kutumbukiza vipande katika fedha iliyoyeyuka, na si lazima karakana zote zilifuata njia moja kwa muda wote. Utando wa namna hii ukichakaa hauyeyuki polepole. Unabanduka. Chini ya lenzi ya kukuzia utaona visiwa vya fedha vyenye kingo dhahiri, na kati yake shaba ya kahawia au nyeusi.

La tatu ni ulaghai wa kale. Hata wakati dinari ilikuwa nzuri, waghushi walichukua kiini cha shaba, wakakifunga kwa karatasi nyembamba ya fedha, wakakipasha moto na kukipiga. Karatasi hiyo ni nene kuliko utando wa sarafu rasmi za baadaye, na inapopasuka, shaba iliyo ndani inavimba na kutoka kama kidonda cha kijani. Wakusanyaji wengine huzitafuta sarafu hizi kwa makusudi, na sioni ubaya, mradi muuzaji aseme ukweli.

La nne ni ulaghai wa leo: sarafu halali ya Probus au ya Constantinus, iliyopoteza utando wake ardhini, inapakwa fedha upya kwa umeme au kwa dawa ili ipandishwe bei.

Kuupima utando kwa macho

Ukitaka kutofautisha fedha ya kale na ya jana, anza mahali panapoguswa zaidi: pua, shavu, nywele za juu ya sikio, ncha za miale ya taji. Sarafu iliyozunguka sokoni hupoteza fedha hapo kwanza. Fedha ya asili hudumu bondeni, kuzunguka herufi, katikati ya miale, kwenye mikunjo ya joho. Ukiona shavu limesagika hadi limekuwa bapa, nywele zimefutika, na bado fedha imelala juu yake nyeupe na sawa kila mahali, jiulize imefikaje hapo. Haiwezekani uso uchakae na ngozi yake ibaki.

Tazama pia vishimo. Chumvi za ardhini hula shaba na kuacha vishimo vidogo, na kishimo kilichokuja baada ya utando lazima kiwe kimeutoboa. Ukikuta fedha imeshuka hadi chini ya kishimo na kuipaka sakafu yake, basi ilikuja baada ya kutu. Vivyo hivyo mkwaruzo. Rangi nayo inasaidia, ingawa si ya kutegemewa peke yake: fedha ya miaka 1,700 mara nyingi ina ukijivu wa chuma, au manjano hafifu. Weupe wa kijiko kipya unatia shaka.

Kuna sarafu ambazo utando wake uliuawa na msafishaji. Anayezitumbukiza kwenye asidi au kuziunganisha na umeme ili kuharakisha kazi huondoa kutu, fedha na ngozi ya shaba kwa pamoja, na kuacha shaba ya rangi ya waridi yenye vinyweleo. Hakuna namna ya kuirudisha. Wenye subira huloweka sarafu katika maji yaliyochujwa madini, huyabadilisha mara kwa mara, na hutumia kijiti cha mti badala ya sindano, kwa sababu fedha iliyo chini ya udongo wa kijani inaweza kuondoka na udongo huo kwa kosa la kidole kimoja. Ukiona unga wa kijani kibichi unaochipuka tena baada ya kufutwa, hiyo ni kutu hai inayotokana na kloridi. Iweke sarafu hiyo mbali na nyingine, mahali pakavu. Kwa anayekaa mahali penye unyevu na chumvi hewani, onyo hilo ni la kuzingatia kuliko yote niliyoyasema hapa.

Sarafu zenye fedha kamili nyingi zimetoka kwenye akiba zilizofukiwa. Mwaka 2010 chungu kimoja kilichimbuliwa Frome, Somerset, nchini Uingereza, kikiwa na sarafu 52,503. Mwaka 2016 vibarua waliokuwa wakichimba mtaro Tomares, karibu na Seville, Hispania, walikuta magudulia 19 yaliyojaa numi za zama za Diocletianus na Constantinus, uzito wote kama kilo 600, na nyingi hazikuonyesha dalili ya kutumika. Hebu fikiria maana yake. Fedha imebaki kwa sababu sarafu haikupita mikononi mwa watu. Ile iliyochakaa, iliyonunua mkate na mafuta na kulipa ushuru, ndiyo iliyofanya kazi ya sarafu, na ndiyo tunayoiuza bei ya chini.

Uso na karakana yake

Sasa tuje kwenye nyuso. Kufikia nusu ya pili ya karne ya tatu, Roma haikuwa tena karakana pekee kubwa. Sarafu zilipigwa Lugdunum ambayo ni Lyon ya leo, Ticinum ambayo ni Pavia, Siscia ambayo ni Sisak nchini Kroatia, Serdica ambayo ni Sofia nchini Bulgaria, Cyzicus, Antiokia na kwingineko. Kila karakana ilikuwa na wachongaji wake. Wengi wao huenda hawakumwona mfalme hata siku moja. Walipokea mfano, wakaufasiri kwa mazoea ya mkono wao.

Chukua Probus, aliyetawala kuanzia 276 hadi 282. Sarafu zake ni nyingi na nafuu, makumi machache ya euro yanatosha, na hakuna mfalme anayefaa zaidi kwa kujifunzia. Weka mbili mezani, zote zenye maandishi SOLI INVICTO upande wa nyuma, yaani kwa Jua Lisiloshindwa, zote zikionyesha mungu Jua kwenye gari la farasi wanne. Kwenye ile ya Roma gari linakwenda kushoto, farasi wamechorwa kwa ubavu wakiruka pamoja, na chini kuna herufi R. Kwenye ile ya Serdica gari linakujia wewe uso kwa uso: Jua amesimama katikati, farasi wawili wamegeukia huku na wawili kule, na chini kuna KA pamoja na herufi ya Kigiriki inayotaja kitengo cha karakana. Hutakuwa umesoma hata neno moja la upande wa kichwa, na tayari umejua kwamba mikono miwili tofauti imefanya kazi hii.

Geuza sarafu. Karakana za Roma, Ticinum, Siscia na Serdica zilimvisha Probus kila aina ya vazi: mara joho lililodariziwa la konseli, afisa mkuu wa Roma, na fimbo yenye tai, mara kofia ya chuma na ngao na mkuki, mara amegeukia kushoto, mara kifua kiko wazi. Antiokia karibu daima humwonyesha kwa namna moja, kifua kimefunikwa na joho, ametazama kulia, kichwa kidogo na nadhifu. Mwenye kuzoea humtambua Probus wa Antiokia kutoka upande wa pili wa meza. Ticinum nayo ilificha fumbo: herufi moja moja zilizowekwa kwenye sarafu za vitengo vyake sita, ukizipanga kwa mfuatano, zinatoa EQVITI. Ili neno likamilike inabidi upate sarafu sita, na najua wakusanyaji waliotumia miaka wakizitafuta kwa raha kubwa.

Baada ya Probus sura zikaanza kupoteza wenyewe. Diocletianus aligawa madaraka kwa wafalme wanne, na sarafu zikawaonyesha kama ndugu mapacha: kichwa cha mraba, shingo nene kama ya fahali, nywele na ndevu fupi zilizochorwa kwa vidoti. Sanamu ya wafalme wanne ya jiwe la zambarau, iliyopo kwenye kanisa la Mtakatifu Marko mjini Venezia, inasema jambo lile lile kwa jiwe. Kutafuta sura halisi ya Galerius au ya Maximianus, wawili kati ya hao wanne, kwenye numi za miaka hiyo ni kupoteza wakati, kwani lengo lilikuwa umoja wa utawala. Unayemsoma ni kwa jina lake tu.

Constantinus alipotangazwa mwaka 306 aliivunja desturi hiyo. Karakana ya Trier, mji wa Ujerumani ya leo, ilimchora kijana, amenyolewa ndevu, pua ndefu yenye kona, shingo ya kawaida ya binadamu. Lakini tazama sarafu zake zilizopigwa huko mashariki, katika miji iliyokuwa chini ya hasimu na shemeji yake Licinius. Kutoka Heraclea, mojawapo ya miji hiyo, kabla ya vita vyao vya mwisho mwaka 324, kuna sarafu zenye kichwa kidogo kilichogeukia kushoto, vazi la konseli likiwa limejaa mapambo. Jina ni la Constantinus, ila ukiiweka kando ya sarafu ya Licinius ya karakana hiyo hiyo utaona ni umbo moja. Mchongaji alichora mfalme aliyemzoea, akabadilisha maandishi. Baada ya Licinius kushindwa, Constantinus akaonyeshwa na utepe wa kifalme wa vito kichwani, na kwenye baadhi ya sarafu amenyanyua macho juu. Eusebius wa Kaisaria, aliyeandika maisha yake, alizitaja sarafu hizo na kusema mfalme anaonekana kama anayemwomba Mungu.

Kwa hiyo mtindo unapotazamwa, swali la kama sura inafanana na mtu halisi lije mwisho. Kwanza angalia macho yamechorwa vipi, kama mboni ni kidoti au duara. Angalia nywele kama ni mistari au vifundo, mahali shingo inapokatika, na jinsi utepe wa taji unavyoning'inia kisogoni. Hizo ndizo tabia ambazo mkono wa fundi hauzifichi, na ndizo anazozikosea mghushi anayenakili uso huku akiacha kisogo. Jihadhari pia na sarafu halali zilizochongwa upya leo kwa kisu ili nywele zionekane kali: mistari mipya huwa na kingo za ukali usiolingana na herufi zilizochakaa pembeni yake.

Uzito wa ushahidi wa mtindo ulionekana wazi nchini Uingereza. Karibu mwaka 1900 sarafu moja ilitokea Ufaransa, imo ndani ya akiba ya sarafu za wafalme wa Gallia, ikiwa na jina la mfalme Domitianus ambaye karibu hajulikani katika historia. Si yule Domitianus wa karne ya kwanza, kwani huyu amevaa taji la miale na ana ndevu. Wataalamu waliikataa kwa miongo mingi na kuihesabu ya kughushi. Mwaka 2003 chungu cha sarafu zipatazo 5,000 kikachimbuliwa karibu na Chalgrove, Oxfordshire, sarafu zake zikiwa zimegandamana kwa kutu. Zilipotenganishwa na kusafishwa katika jumba la makumbusho la British Museum, moja ilisomeka jina hilo hilo. Ilikuwa imepigwa kwa mihuri ile ile ya sarafu ya Ufaransa, na uchongaji wa uso wake ni wa mafundi waliowachora Victorinus na Tetricus, wafalme wa Gallia, mnamo 271. Hakuna mghushi wa karne ya 19 ambaye angeweza kuizika nakala yake ndani ya chungu hicho. Leo sarafu ya Chalgrove ipo katika jumba la makumbusho la Ashmolean mjini Oxford. Ni kijipande cha shaba chenye fedha kidogo mno, na muuzaji wa kawaida asingeipa hata sanduku la kioo.